Nati ya Swichi ya Presha na Mkono wa Mama Mkwe

Jamani, aibu hii nilikuwa naificha hata ofisini, lakini kwa kuwa mtaa mzima umeshaisikia, acha niwasimulie mwenyewe, angalau msiongezewe chumvi.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka kanda ya ziwa, na alikuwa na nyumba mbili za kufikia: kwangu hapa Kibaha, au Kisarawe kwa mwanyumba wangu (yule aliyemwoa mdogo wa mke wangu, mtu wa kisima na ndoo). Nilitaka akae kwangu, siwafichi. Kwa hiyo nikafunga pampu na shawa: ukifungua maji pampu inajiwasha, ukifunga inajizima. Anayeamua ni kiswichi kidogo cha presha, ndani kina springi iliyokandamizwa na nati. Maji yakiishinda springi, umeme unakatika. Ukikaza nati, maji lazima yasukume zaidi ndipo pampu izime. Mnaona ilivyo rahisi? Urahisi huo ndio ulioniponza.

Asubuhi mama akaingia kuoga. Nikiwa nje kwenye pampu nikasikia maji yanachuruzika kinyonge, nikaona hapana, Kisarawe watanicheka. Nikachukua spana.

"Baba Doto, maji yanatosha," mke wangu alisema kutoka dirisha la jikoni, unga umemjaa mikononi.

"Wewe sukuma chapati, mambo ya presha niachie mimi."

Nikakaza, nikasikiliza, nikakaza tena. Mama alipofunga maji ajipake sabuni, pampu ilitakiwa izime. Wapi! Ikanguruma tu, mabomba yakatetemeka ukutani, halafu paa! Shawa imeng'oka na mama anapiga mayowe.

Nikakimbilia meni swichi, ambayo (kwa akili zangu) niliiweka koridoni. Nimeizima tu, mlango wa bafu ukafunguka, mama huyu hapa, khanga moja, povu machoni, akanidaka mkono akidhani ni wa mke wangu. "Neema mwanangu, nishike, sioni!"

Sasa mjue, kwao mkwe hamgusi mama mkwe hata kidole, salamu mnapeana kwa mbali mmeinamisha macho. Nikijibu, atanijua. Nikimwachia, ataanguka. Nikanyamaza kimya, shingo nimeigeuzia ukutani, nikamwongoza polepole, na kwa kuwa sikuona ninakokwenda, nikamfikisha sebuleni, walikokaa akina mama wa mtaa waliokuja kumsalimia.

"Makubwa!" akasema mmoja wao. "Baba Doto, ndiyo unatuletea mkwe hivyo?"

Mkono wangu uliachiwa kama sufuria ya moto. Alipokwisha kuvaa, mama alisimama mlangoni, akageukia upande wa mke wangu, ingawa nami nilikuwepo palepale nikifuta maji sakafuni.

"Neema, mwambie mume wako ahsante kwa maji. Halafu mpigie mdogo wako, mumewe aje anichukue."

Mpaka leo yuko Kisarawe, anaoga kwa kopo na kuyasifia maji ya kisima kwamba yana adabu. Mimi spana nimeigawa, na nati ile siigusi tena hata maji yakitoka kwa matone. Juzi mama alipiga simu, moyo ukanidunda kwa furaha: Jumapili anakuja kututembelea. Ila alimwambia mke wangu aniambie, atakuja akiwa ameshaoga.