Mawe Yenye Kiu

Enzi zetu hapakuwa na simu ya kumwonyesha mtoto majini na majitu. Nchi ya majini tuliijenga wenyewe, hapa hapa Kariakoo, na majina tukayatoa wenyewe. Ngazi za nyumba ya jirani ziliitwa Mlima wa Nusu Chapati, eti jitu la huko juu liliangusha nusu chapati likaondoka linalia. Ukweli niliyeangusha ni mimi, na aliyelia ni mimi.

Mbele ya duka la ushirika kulikuwa na foleni ya mawe. Miaka ile ya shida ya unga, mtu anaweka jiwe lake kwenye mstari, anaenda zake kufua. Gari la unga likija, anarudi kusimama penye jiwe lake. Mimi nikamwambia mdogo wangu Zena, wa miaka minne, kwamba wale ni watu, Malkia wa majini kawageuza. Akakodoa macho. "Dada, hawaoni kiu?" Nikamwambia anyamaze.

Siku moja jiwe letu lilikuwa la saba. Mama alilichora mistari miwili ya mkaa. Ndani hatukuwa na unga wa kutosha ugali, siku ya pili hiyo tunashindia uji mwepesi.

"Mwajuma, usibanduke hapo. Jiwe likipotea, katafute mama mwingine."

Nikakaa. Wenzangu wakaanza rede pembeni, nikasema nicheze kidogo tu. Kugeuka, la sita lipo, la nane lipo. La saba halipo, na Zena hayupo.

Honi ya gari la unga nikaisikia kwenye kona. Nikakimbia nyumbani, nikaangalia chumbani, jikoni, uani. Huyo hapo Zena, kachuchumaa. Jiwe liko kwenye beseni la maji, kalifunika kanga ya mama mpaka shingoni.

"Dada, polepole. Anakunywa."

Nikalipora, nikarudi mbio. Watu walishasimama. Nikalisukumiza kati ya miguu ya wa sita na wa nane.

"We mtoto, hilo jiwe limetoka wapi, mbona limelowa?"

"Lilikuwa linakunywa maji."

Walicheka hao! Mama alipofika akasema ni lake, lina mistari ya mkaa. Wakaligeuza huku na huku. Mkaa ulishaoshwa wote. Tukapelekwa mwisho, na unga ukaisha bado watu wanne tufikiwe.

Nilingoja kofi, halikuja. Mama alimwinamia Zena tu.

"Na alikunywa?"

"Alikunywa, mama."

"Haya."

Tangu hapo pale pakaitwa Mawe Yenye Kiu, na mama naye akapaita hivyo.

Leo pale wanauza makava ya simu. Nikiwaambia wajukuu tukutane Mawe Yenye Kiu, wanatafuta kwenye ramani zao: "Bibi, haipo." Unga umejaa kila duka, wao wanasema ugali umewachosha. Sawa. Ila mimi nikipita pale nikakuta jiwe limekaa peke yake, nasimama kwanza. Nalizunguka. Siligusi, nisije nikamkosesha mtu zamu yake.