Mama Mkwe Alirudi na Miguu ya Bluu

Siku mama mkwe wangu aliporudi kutoka ufukweni na miguu ya bluu, mimi ndiye niliyepaliwa na chai.

Si michirizi. Bluu kamili, vidoleni mpaka magotini, kama kavaa soksi za shule.

"Mkwe wangu, hii kazi ya nani?"

"Labda mwani, mama."

"Mwani siku hizi unachagua rangi?"

Mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nikafuta chai iliyomwagika.

Ile bluu niliijua. Nilikuwa mpima maji wa kiwanda cha mashuka, na wiki ile tulikuwa tunatia mashuka rangi ya bluu. Bomba letu linamwaga ufukweni, jirani na pale mama anapoloweka magoti yake kila asubuhi.

Na kila mwezi mimi ndiye niliyeandika: maji ni salama.

Saa mbili mama yuko kwenye geti la kiwanda, mimi nyuma yake. Mlinzi akamwona, akapisha mwenyewe. Mama akapanda hadi kwa meneja, akavua kandambili, akaweka miguu mezani, kando ya shuka la mfano.

Rangi ileile!

"Mama, hii si yetu," meneja akasema. "Mpimaji wetu yupo. Au vipi?"

Wote wakanigeukia.

Kazi ile niliisotea miaka mitatu. Lakini mama alikuwa anajikuna, ngozi imeshaanza kuvimba.

"Ni yetu," nikasema. "Maji ya kupima nachota nyuma ya mwamba, maji ya bomba hayafiki. Wewe ndiye uliniagiza, bosi."

Kufika mchana sina kazi. Nikachota chupa moja mdomoni mwa bomba, nikaipeleka kwa wakaguzi wa mazingira. Wiki haikuisha, bomba likafungwa mpaka kiwanda kijenge mabwawa ya kusafishia maji.

Nikampigia mama magoti, nikamwomba radhi. Akanikazia macho.

"Unadhani mimi sioni bomba? Niliingia dimbwi la chini ya bomba kwa makusudi, nikasimama nusu saa. Mwezi jana nilikuona ukichota kule nyuma ya mwamba. Ningekusema, ungenijibu kwa adabu na kuendelea na mambo yako."

Nilikosa pa kuficha uso.

Ndugu zangu, kila karatasi unayosaini ina watu nyuma yake. Wangu alinifuata mpaka mezani kwa bosi. Wako huenda ni mpole, akaumwa kimya kimya.