Kwa Mama Ainura, Kwenye Malisho ya Song-Kul

Nilikwenda Kirigizistani kwa sababu mbili. Nilikuwa na likizo ya wiki tatu na pasipoti mpya ambayo haikuwa imegongwa muhuri hata mmoja. Hiyo ni ya kwanza. Ya pili ni Ainura.

Ainura alikuwa mwenzangu kazini, katika nyumba ya kutunzia wazee huko Lanham, Marekani. Zamu ya asubuhi tulishirikiana kuwaogesha na kuwageuza wazee wasiojiweza, na kazi ya watu wawili huzaa mazungumzo. Mimi nilimsimulia Njombe, baridi yake na viazi vyake. Yeye alinisimulia milima ya kwao, ambako kila kiangazi watu huhama na mifugo kufuata majani. Karatasi zake za uhamiaji zilikuwa bado hazijakamilika. Akitoka Marekani, asingeruhusiwa kurudi. Ilikuwa imepita miaka saba hajawaona wazazi wake. Kila Jumapili alinunua kadi ya simu akapiga nyumbani, lakini kwa muda wa mwaka na zaidi baba yake hakuja kwenye simu. Aliambiwa mzee hasikii tena.

Nilipomwambia kwamba nataka kwenda mahali nisipopajua, alinijibu kwa utani niende kwao. Kesho yake hakutania. Aliniletea kisanduku chenye mashine ndogo ya kusikilizia, kama zile tunazowavalisha wazee wetu kila siku.

"Mvalishe wewe mwenyewe," alisema. "Wengine wataivunja."

Jumamosi ya pili ya Julai, Kamau alinipeleka uwanja wa ndege wa Dulles. Kamau ni Mkenya wa Nyeri niliyekuwa nikiishi naye Silver Spring. Njia nzima alinung'unika kwamba watu wenye akili wakipata likizo huenda kuwaona wazazi wao, si wazazi wa wenyewe. Nilikuwa na begi moja la mgongoni: nguo za baridi, biskuti, kitabu cha maneno ya Kirusi, na kile kisanduku nilichokizungushia soksi.

Bishkek nilifika asubuhi, baada ya kubadilisha ndege Istanbul. Nilipanga chumba kwa bibi mmoja wa Kirusi ambaye sharti lake lilikuwa moja tu, nivue viatu mlangoni. Mji una miti mingi, na mitaro ya maji hupita kando ya kila barabara. Watu walinitazama sana, ila bila ubaya. Sokoni muuza mikate alinigusa mkono, akaangalia kidole chake, kisha akaona haya akanipa mkate wa bure. Niliupokea. Msafiri mwenye mfuko mwembamba hakatai mkate.

Siku ya tatu nilipanda teksi ya kuchangia kuelekea Kochkor, abiria wanne na mbuzi mmoja kwenye buti. Barabara ilipita katika bonde jembamba lenye mto wa rangi ya maziwa. Mama aliyekaa kando yangu aliniwekea aprikoti mkononi kila nilipomaliza zile za mwanzo. Hatukuwa na lugha ya pamoja, kwa hiyo tulikula.

Kochkor nilipokewa na Bakyt, mdogo wake baba yake Ainura. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya pale, mtu mpole mwenye kofia ndefu nyeupe ya sufu. Nilimwonyesha kisanduku nikamweleza ni cha kaka yake. Alikifungua, akakitazama muda mrefu, akakifunga. Akasema kaka yake na shemeji yake wako juu malishoni, karibu na ziwa la Song-Kul, na kesho tutawafuata kwa farasi.

Sikuwahi kupanda farasi. Niliwekwa juu ya mmoja mzee, mvivu, nikaambiwa nishike nywele zake nikiogopa. Tulipofika nje kidogo ya kijiji, penye makaburi kando ya njia, Bakyt alishuka. Nikadhani kamba ya tandiko imelegea.

"Kaka yangu hayuko malishoni," alisema. "Yuko hapa."

Alikuwa amekufa kwa kifua, majira ya baridi ya mwaka juzi. Ukoo ulikaa ukakubaliana Ainura asiambiwe, maana angeacha kila kitu arudi, na miaka yake saba ingekuwa bure. Bakyt aliinua viganja akasoma dua. Mimi nilisimama kandokando nimeshika hatamu za farasi wawili. Alipomaliza aliniomba nikirudi niseme kwamba mzee ameipokea mashine na ameshukuru. Sikumkubalia wala sikumkatalia. Nilipanda farasi wangu.

Njiani kuvuka mlima tulikanyaga theluji, na ilikuwa Julai. Kichwa kiliniuma, pumzi ikawa fupi, na mapaja yalichubuka. Alasiri tukaliona ziwa, pana, bila mti hata mmoja pembeni, majani mafupi kila upande, na mahema ya duara ya sufu nzito yakitoa moshi. Mama Ainura alikuwa nje ya hema lake. Nilishuka kwa shida nikainama, kama ninavyowaamkia wazee wa kwetu. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaunusa upande mmoja wa shavu langu. Bakyt akanifafanulia kuwa anatafuta harufu ya mwanawe.

Nilikaa pale siku tatu. Nililala chini, juu ya mablanketi, karibu na jiko linalochochewa kwa mavi makavu ya ng'ombe. Nilikula mkate na malai ya maziwa, nikanywa maziwa ya farasi yaliyochachuka, ambayo yanataka moyo. Asubuhi nilichota maji. Mama alinihoji juu ya Ainura: anakula nini, anavaa nini, nani anamtania. Kisanduku nilimkabidhi siku ya kwanza. Alikiweka ndani ya sanduku la nguo za marehemu, na hakuna aliyekitaja tena.

Siku ya mwisho, mama akiwa anamkamua farasi jike, nilimwomba Bakyt anitafsirie. Hakupenda, lakini alitafsiri. Nilimwambia mama kwamba baba yangu naye alikufa nikiwa Marekani, na ndugu zangu walinificha wiki tatu kwa kunihurumia. Nilimwambia kwamba katika wiki hizo nilikwenda sherehe Temple Hills, nikacheza muziki, na mpaka leo siwezi kuukumbuka usiku ule bila aibu. Nikasema siwezi kumpelekea Ainura shukrani za mtu ambaye hayupo.

Mama aliendelea kukamua. Kisha akauliza, "Akilia huko peke yake, nani atamshika?"

"Tunafanya kazi pamoja kila asubuhi," nilisema.

Alimaliza, akafunika ndoo.

"Basi mwambie. Usimwambie kwa simu. Na usimwambie akiwa amesimama."

Bakyt alinitangulia mbali njia yote ya kushuka. Tulipofika makaburini nilimwomba anisubiri. Nilikaa pale kama nusu saa, nikitazama kila kitu kwa makini, kisha tukaendelea.

Niliporudi Lanham, Jumatatu, Ainura alinipokea mlangoni akitabasamu, akaniuliza kama mashine imemfaa mzee. Nikamjibu kwamba tutaongea baada ya zamu. Saa tisa alasiri nilimketisha kwenye benchi nyuma ya jengo, nikamwambia yote kwa mpangilio, bila kuzunguka. Hakupiga kelele. Alianza kuhesabu kwa vidole Jumapili alizopiga simu, akaishia njiani, akaniegemea.

Kesho yake hakuja kazini. Alipokuja, aliomba abadilishiwe zamu tusikutane. Nilisikia kwamba anaulizia tiketi ya ndege, nikaogopa kuwa Bakyt alikuwa sahihi na mimi ndiye niliyeharibu. Wiki mbili zilipita hivyo. Tiketi hakununua. Baadaye aliniambia ni mama yake aliyemkataza, kwa simu ambayo kwa mara ya kwanza haikuwa na uongo ndani yake.

Nimesafiri kwingine tangu wakati huo, na milima mizuri nimeiona. Safari ile ilinifundisha jambo moja: aliye mbali hapungukiwi uchungu kwa kufichwa msiba. Anacheleweshwa tu, tena ananyimwa watu wa kulia naye.

Asubuhi moja ya Agosti Ainura alirudi kwenye zamu yetu. Tulimgeuza mzee wa kwanza, tukamnyooshea shuka. Kisha akaniuliza ni wapi hasa walipomlaza baba yake.

Nikamweleza. Ukitoka kijijini ni upande wa kulia, kwenye mteremko. Kuna ukuta mfupi wa matofali ya udongo unaofika magotini, umesiribwa vizuri, hauna nyufa. Kondoo hupita chini yake jioni. Mbele yake hakuna kinachoziba. Milima yote ya theluji inaonekana.

"Kuna upepo?" aliuliza.

"Upo. Unashuka kutoka mlimani."

Akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa bado ameshika pembe ya shuka.

"Nieleze tena," alisema. "Polepole."

Nikaanza upya, kuanzia barabarani.