Nukta Nyeupe Jichoni mwa Titir

Basabi Nandi alinunua kamera baada ya kustaafu kazi ya ofisi ya simu, na majirani zake wa Chandannagar, mji mdogo wa India ulio jirani na Kolkata, wakadhani ni upweke wa ujane tu, utapita. Haukupita. Asubuhi za baridi walimwona kwenye ngazi za mto, shali imemfunika mpaka masikioni, akisubiri ukungu uinuke. Picha zake za mwanzo zilikuwa mbovu, na aliyemwambia hivyo bila kumung'unya maneno ni Jaladhar Pal, mwalimu mstaafu wa jiografia, mtu mwembamba mwenye mdomo usiopumzika.

Walikutana kila Jumapili katika chumba kilicho juu ya duka la vitamu, yeye na Jaladhar na wenzao wachache, wote wapiga picha wa kujifurahisha. Picha zilioneshwa ukutani kwa projekta, chai ikaletwa kwenye vikombe vya udongo, na mwenye picha alitakiwa anyamaze mpaka wengine wamalize kusema lao. Jaladhar aliwahi kusema kuhusu picha moja ya Basabi kwamba imepigwa na mtu anayekimbizwa na mbwa. Basabi alicheka mpaka machozi, na tangu siku hiyo wakawa marafiki wa kutaniana.

Jumapili moja ya Januari alipeleka picha ya mjukuu wake, Titir, mtoto wa mwaka na nusu, binti wa mwanawe Abhik aliyeishi naye nyumba moja. Mtoto ameketi sakafuni, sandesh, kitamu cha maziwa na sukari guru, imempakaa hadi kwenye nyusi, anaitazama kamera usoni na kucheka. Chumba kilikuwa na giza, kwa hiyo Basabi aliwasha taa ya kamera.

Waliipenda. Mmoja alisema kamba ya nguo iliyo nyuma ikatwe. Kakoli, binti wa duka la sari, aliusifu ule mkono mdogo uliofumbata kitamu, kisha akasema kuna kasoro ndogo machoni: jicho la kulia limetoka na wekundu, kama kawaida ya taa, lakini la kushoto linang'aa jeupe.

"Dada Basabi," Jaladhar akasema, "umetuletea mjukuu au paka?"

Chumba kizima kilicheka. Basabi naye alicheka, akasahau zamu yake ya kunyamaza.

"Hilo jicho ndilo linalonichosha. Kila nikimpiga kwa taa linatoka hivyo hivyo. Huwa nalisafisha kwenye kompyuta, leo nimepitiwa."

"Jicho lipi?"

"Hilo hilo la kushoto."

"Kila mara la kushoto?"

Basabi alisema ndiyo, kila mara. Jaladhar aliweka kikombe chake chini. Aliomba projekta izimwe, na wenzake wakadhani bado anatania, mpaka walipomwona anamshika Basabi kiwiko na kumtoa hadi kibarazani. Huko alimwambia mtoto apelekwe kwa daktari wa macho, kesho, asingojee wiki ijayo. Basabi akamwambia mzaha huo haumpendezi.

"Si mzaha, dada. Kaka yangu wa Bardhaman alikuwa na mtoto wa kiume. Kwenye picha jicho lake lilikuwa na nukta nyeupe kama hiyo, nasi tukawa tunamlaumu mpiga picha. Jicho lilipokuja kuvimba, ugonjwa ulikuwa umeshaingia kichwani. Hakufika umri wa kuanza shule."

Alimweleza tena, kwa sauti ya chini, namna ya kumpima nyumbani: alizibe jicho moja, kisha la pili, aone mtoto anafanya nini.

Basabi aliondoka bila kuaga. Hasira ilimjaa. Njia nzima, ndani ya bajaji ya umeme, alikuwa akitafuta maneno ya kumrudishia Jumapili ijayo, kwamba mtu mzima hawaombei watoto wa wenzake mabaya. Lakini alipofika hakuvua hata shali. Alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta.

Hakuwa na tabia ya kufuta picha za awali, zile ambazo hazijasafishwa. Alifungua za sikukuu ya Durga: nyeupe. Alifungua za msimu wa mvua: nyeupe. Katika zile za sherehe ya Titir ya kulishwa wali kwa mara ya kwanza, akiwa na taji dogo kichwani, palikuwa na kitu cha kijivu ndani ya mboni, kama moshi. Na kando ya kila picha ilikuwepo ile aliyoisafisha: mboni nyeusi, safi, na juu yake alama ndogo ya mwanga aliyoichora mwenyewe ili jicho lionekane lina uhai. Moja ya hizo ilikuwa imetiwa fremu juu ya televisheni. Nyingine alikuwa amewatumia ndugu hadi mji wa Siliguri, na wote walisema mtoto ana macho mazuri.

Alimkuta Titir sebuleni anagongagonga kijiko sakafuni. Alipiga magoti, akamziba jicho la kushoto kwa kiganja. Mtoto aliendelea kugonga kijiko kana kwamba hakuna kilichotokea. Akahamisha kiganja, akaziba la kulia. Kijiko kilisimama. Titir aligeuza kichwa huku na huku, akausukuma mkono wa bibi yake, akaanza kulia. Basabi alirudia. Ikawa vile vile.

"Mama, unamfanyia nini mtoto?" Alikuwa Mahua, mkwewe, mke wa Abhik, amesimama mlangoni na mwiko wa kukaangia samaki mkononi.

Siku iliyofuata wote wanne walikuwa Kolkata. Daktari wa macho, mwanamke mwenye sauti ya upole, alimchunguza Titir kwa muda mrefu, kisha akawaeleza taratibu, akirudia pale alipoona hawajamsikia. Ilikuwa saratani, ndani ya jicho. Jicho la kushoto lilikuwa halioni tena, na lazima litolewe. La kulia lilikuwa salama. Kama ugonjwa umetoka nje ya jicho au la, wangejua baada ya upasuaji. Abhik aliuliza swali, akalisahau katikati.

Daktari akauliza kama kuna picha za zamani, apate kukisia ugonjwa ulianza lini. Mahua alitoa simu haraka, kama mtu aliyeona tundu la kutokea.

"Tazama, daktari, hapa hakuna kitu. Na hapa, sikukuu. Hapa tena. Ni kitu cha juzi tu."

Basabi aliziangalia zile picha zikipita chini ya kidole cha mkwewe, moja baada ya nyingine, nzuri zote.

"Hizo nilizisafisha," alisema.

Mahua aligeuka. "Ulizisafisha vipi?"

"Nilipaka weusi. Nilidhani ni taa."

Daktari akasema wazazi wengi hawaioni dalili hiyo, hata madaktari huikosa, na mara nyingi ni picha inayoifichua. Aliyasema kwa wema, lakini hakuna kati yao aliyekuwa na masikio ya kuyasikia.

Jicho lilitolewa. Majibu ya maabara yalipokuja kwamba ugonjwa haukutoka nje, Abhik alimpa mama yake habari hiyo kwenye ujia wa hospitali, na Basabi akakaa chini sakafuni, pale pale, watu wakimpita na machela. Alikuwa ameshajiandaa kwa jibu baya kiasi kwamba hili jema hakujua alipokee vipi.

Nyumbani Mahua alimwandalia chakula kila siku, akafunika sahani, akaenda zake. Hakumtukana wala hakumsemesha. Basabi aliifungia kamera kabatini, akaacha kwenda Jumapili. Kuna mchana mmoja walipokuwa wanaanua nguo juu ya paa, Mahua akaanza mwenyewe, bila kumtazama.

"Mama, nina hasira na wewe, na bado nitakuwa nayo. Lakini kama usingeipeleka ile picha kwa wenzako, huyu mtoto tungempoteza. Yote mawili ninayo hapa kifuani. Sijui niyapange vipi."

Basabi alimwambia asihangaike kuyapanga. Wakamalizia kukunja shuka, kila mmoja na ncha zake mbili.

Msimu wa joto ulipoanza, Titir akawekewa jicho la bandia, na Jaladhar akaja kumwona kwa mara ya kwanza. Alileta machungwa. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekuja kuomba kazi, hana utani hata mmoja, akisema habari za hali ya hewa. Macho yake yalikwenda kila mahali isipokuwa kwa mtoto.

Titir alisimama mbele yake akimpima. Alijisugua uso kwa ngumi, akajisugua tena, na jicho likatoka. Alilitazama kidogo, akamkamata Jaladhar mkono, akaliweka katikati ya kiganja chake kama anayempa mgeni pipi.

Jaladhar aliganda. Basabi alikuwa ndiyo kwanza anaingia na sinia la chai, naye alisimama pale pale, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Mahua ndiye aliyepita katikati yao, akaliokota lile jicho kwa vidole viwili na kwenda kulisuuza.

"Usishtuke, kaka mkubwa," alisema kutoka kwenye bomba. "Juzi alimpa muuza samaki. Maskini alikimbia akaacha mizani."

Kisha akacheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha tumboni, na Basabi hakuwa amekisikia tangu ile safari ya Kolkata. Jaladhar alijaribu kucheka naye, ikashindikana, akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya shati, akiifuta tu, haishi kuifuta.

"Mama," Mahua akaita, "mpe mgeni chai, inapoa."