Sauti ilipotea kwenye Linux yangu, kumbe jirani ndiye aliyekuwa anaisikia

Wakuu, habari za huko mliko. Hapa Bukavu mvua inanyesha, nami nina kisa changu mwenyewe. Sijakitia chumvi.

Vita ilipokaribia, familia ilivuka ziwa kwenda kisiwa cha Idjwi. Nilibaki peke yangu hapa mtaani Kadutu kulinda nyumba.

Maman, yaani mama yangu, alifunga chumba cha wazazi, akaondoka na ufunguo. Kwa haraka ile hakuna aliyezima televisheni iliyokuwa humo. Waya wake wa HDMI unapita ukutani hadi kwenye laptop yangu sebuleni. Ndivyo tulivyokuwa tunatazama filamu.

Network ikakatwa. Maman akajirekodi sauti kwenye flash, mwenye boti akaniletea. Nilinakili, flash ikarudi na salamu zangu.

Nikavaa écouteurs zangu za kuziba masikio kabisa, maana doria za askari zilipita na hakuna aliyethubutu kupaza sauti. Nikabonyeza.

Kimya.

Muda unatembea kwenye kioo, masikioni hamna kitu. Nikapandisha volume hadi mwisho. Kimya. Kila jioni nilijaribu tena.

Nilianza kukohoa makusudi, ili nyumba iwe na mtu.

Mwishowe niliamini faili zimeharibika. Nikapanga kufuta kila kitu, niweke Linux upya.

Asubuhi hiyo Maman Furaha, jirani ambaye ukuta wake wa mbao unagusana na chumba cha wazazi, akanikuta bombani.

"We mutoto uko na roho gani? Maman yako anakuita kila magaribi, haumuitikie!"

"Maman iko Idjwi."

"Idjwi ya wapi? Mi niko na masikio! 'Bahati, ulikula? Bahati, ulifunga mulango?' Anauliza, anauliza. Karibu nimujibu mimi!"

Niliacha bidoni la maji pale pale, nikakimbia. Nikagonga mlango uliofungwa.

"Maman?"

Wakuu, niligonga kweli, mtu mzima mimi.

Kisha nikakaa kwenye laptop, bila écouteurs, nikabonyeza. Nyuma ya mlango ule, Maman akaniuliza kama nimekula.

Kwa wenye tatizo hili: kwenye Linux kila kifaa cha sauti kina volume yake. Tangu enzi za filamu, default yangu ilikuwa HDMI, yaani sauti yote ilitokea kwenye televisheni ile chumbani. Kuchomeka écouteurs hakukubadilisha chochote.

Nilifungua programu ya pavucontrol, sehemu ya Périphériques de sortie (vifaa vya kutolea sauti), nikachagua écouteurs kuwa default. Halafu kwenye Lecture (programu zinazocheza sauti) nikahamisha programu yenyewe, maana hukumbuka kifaa cha zamani. Kwa terminal ni pactl list short sinks, kisha pactl set-default-sink na jina la kifaa.

Jioni ile nilimsikia Maman mpaka mwisho, karibu kabisa na sikio.

Kesho yake, Maman Furaha akaita nyuma ya mbao:

"Bahati! Maman alinyamaza? Alikasirika?"

Nilishamweleza kwamba ni rekodi. Lakini watoto wake wako Kamanyola, na tangu njia ifungwe hajasikia hata mmoja.

Nikarudisha default kwenye HDMI, volume chini. Maman akauliza. Nikajibu kwa sauti, "Nilikula, Maman."

Upande wa pili mtu akasema polepole, "Na mi nilikula."

Somo: kabla ya kufuta mfumo wako, chunguza kwanza sauti inaenda wapi.

Na anayejua kuitoa kwenye écouteurs na televisheni kwa pamoja anielekeze hapa chini. Tuko wawili tunaosikiliza.