Wodi ilipofungwa, Mama Wodi aliwafuata wagonjwa majumbani

Ni asubuhi, jua bado halijakolea, na Mama Wodi anabisha hodi kwenye mlango wa bati uliopakwa rangi ya bluu. Begani ananing'iniza mkoba wenye bandeji, glovu na mashine ya kupimia presha.

"Karibu mama, pita ndani," anaitikia mkwe wa mgonjwa, tayari amevaa kwenda kazini. "Leo kaamka anakuulizia wewe tu."

Kwa miaka ishirini na mbili mwanamke huyu hakuwahi kumbishia hodi mgonjwa. Alikuwa mhudumu wa wodi ya wanaume katika hospitali ndogo ya mji wao. Jina la Mama Wodi alipewa na wagonjwa, likamganda hadi mumewe naye anamwita hivyo.

Mwaka juzi mambo yalibadilika. Hospitali zote za mkoa ziliunganishwa na vituo vya afya na wahudumu wa majumbani, ukawa mtandao mmoja. Anayehitaji upasuaji hupelekwa hospitali kubwa. Mwenye maradhi ya muda mrefu huhudumiwa nyumbani kwake, na taarifa zake huonekana kwenye kompyuta popote aendapo. Wodi ikafungwa, ikageuzwa ofisi ya waratibu.

"Siku wanapakia vitanda kwenye lori nilijifanya nina mafua," anasema, akicheka kidogo. "Mtu mzima unalilia vyuma? Lakini ile wodi ilikuwa na watu wake. Asubuhi huyu anakohoa, yule anaimba, mwingine analalamika kwamba uji wa mwenzake ni mwingi kuliko wake. Nilikuwa nawagombeza kwa zile kelele. Sasa nazitamani."

Mgonjwa wa nyumba hii ni fundi saa mstaafu mwenye kisukari na kidonda mguuni. Wodini, kitanda chake kilipakana na cha mzee aliyekuwa kondakta wa basi. Walibishana kutwa kuhusu mpira, kila mmoja akitishia kuomba ahamishwe, na hakuna aliyewahi kuomba.

Siku ya kwanza Mama Wodi alipokuja hapa, nusura asimtambue. Fundi alikuwa amekonda, kageukia ukutani, chakula kimepoa kwenye sahani. Kidonda kilikuwa kimeanza kutoa harufu. Akakipiga picha kwa simu ya kazi, akaituma kwa daktari wa hospitali kubwa. Jibu likarudi kabla hajamaliza kufunga bandeji: mzee ale, ameze dawa, kidonda kisafishwe kila siku, la sivyo mguu utakatwa.

Akamweleza bila kumficha. Fundi hata hakugeuka.

"Ukateni tu," alisema. "Kwani nautumia kwenda wapi?"

"Neno lile lilinikata maini," anakumbuka Mama Wodi. "Nikajua hapa kilichopungua si dawa. Mwanawe anamjali, mkwe anampikia vizuri. Ila wote wakienda kazini, mzee anabaki kutazama dari."

Akaipigia simu ofisi ile ile iliyomeza wodi yake. Muuguzi mratibu akatafuta kwenye kompyuta: kondakta alikuwa hai, akihudumiwa na kituo cha afya cha upande wa pili wa mji. Muuguzi akampigia kwanza kumwomba ruhusa ya kutoa namba yake. Kondakta hakungoja kubembelezwa, akapiga mwenyewe kwenye simu ya Mama Wodi.

"Fundi! Bado hujafa tu?" Sauti ikajaa chumba kizima.

"Nife nimwachie nani hizo kelele zako?" Fundi akajiinua kwa viwiko. "Kwanza timu yako imefungwa tena, nimesikia redioni."

Walizozana mpaka simu ikaisha chaji. Kisha Fundi akaiulizia sahani yake.

Muuguzi mratibu akawapangia siku moja ya kliniki, katika kituo kimoja. Fundi akaanza kujizoeza kutembea kwa magongo, kwanza hadi mlangoni, baadaye hadi barabarani. Kidonda kilichukua miezi kufunga, lakini kikafunga. Leo Mama Wodi anamfungua bandeji ya mwisho, na mzee anaugeuzageuza mguu wake kama mtu aliyenunua kiatu kipya.

"Sisemi mfumo huu ni mbaya," anasema Mama Wodi wakishaagana. "Zamani ile picha ningempelekea nani? Daktari bingwa tulikuwa tunamsikia tu. Lakini walipowagawa wagonjwa, hakuna aliyekumbuka kwamba hawa walikuwa marafiki."

Sasa anapigania chumba. Anataka iliyokuwa stoo ya mashuka iwe mahali pa wagonjwa wa majumbani kukutana kila wiki. Uongozi umekubali kujaribu, na seremala wa hospitali ameahidi mabenchi. Kinachosubiriwa ni gari la kuwachukua wasioweza kutembea.

"Mganga mkuu aliniuliza, hao watakuja kutibiwa nini," anasema, akiuweka sawa mkoba begani. "Nikamwambia, daktari, wapimeni presha, kisha mtuachie mlango tuufunge. Mkisikia kelele, msije."