Nilimkosesha mwanafunzi aliyeandika kuwa chura anazaa, mpaka nilipopelekwa kumwona

Wakuu, heshima kwenu. Hili nimeliona kwa macho yangu haya haya yanayovaa miwani. Atakayesema nimetunga, aje Lushoto kipindi cha mvua.

Mimi ni mwalimu wa biology, sekondari moja huku milimani. Kwetu ni Singida, ambako chura anataga kwenye dimbwi, na dimbwi likikauka mapema habari yake imeishia hapo.

Mwaka jana niliwapa form two mtihani. Swali: eleza hatua za ukuaji wa chura. Jibu linajulikana: yai, kiluwiluwi, miguu inaota, mkia unapotea.

Binti mmoja, nimwite Hadija, ndiye aliyekuwa anaongoza katika somo langu. Aliandika hatua zote sawasawa, halafu chini akaongeza: "Lakini wale vyura wadogo wa msituni kwetu hawatagi. Wanazaa."

Nikamkosesha kwa kalamu nyekundu.

Ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Mimi na mdomo wangu, nikaisoma kwa sauti darasani, nikauliza kama chura huyo ananyonyesha pia. Darasa likacheka mpaka basi. Hadija akainamia dawati.

Tangu siku ile hakunyoosha mkono tena. Fomu za kuchagua masomo zilipokuja, akajaza arts. Maana yake anaacha physics na chemistry, na bila hizo, kwa mtu anayetaka udaktari kama yeye, biology peke yake haimfikishi popote.

Nikamwita mzazi. Akaja mama yake, mkulima wa kabeji, kanga imelowa ukungu. Nikamwamkia, nikaanza hotuba ya mtoto kupoteza kipaji. Akaniacha nimalize.

"Mwalimu, mtoto anasema hawezi somo ambalo akieleza alichokiona anachekwa. Huyo chura hata mimi namjua toka nikiwa mdogo. Fomu si unazipeleka ofisini Jumatatu? Basi njoo Jumamosi asubuhi. Mvua ikinyesha ndiyo vizuri."

Nilienda, na kitabu kwenye begi. Nikiri tu, nia ilikuwa kuwaelewesha.

Shamba lao limepakana na msitu. Hadija alinipa shikamoo yangu, basi, akatangulia. Alitafuta muda mrefu chini ya majani. Mwishowe akachutama, akainua jani moja taratibu.

Chura mdogo, hafiki hata kidole gumba changu. Tumbo limejaa kila upande.

"Usimguse, mwalimu," akasema.

Nikatoa lenzi yangu ya mkononi. Ngozi ya tumbo ni nyembamba kweli, na kwa ndani kulikuwa na vivuli vyeusi. Vikasogea.

Tulikaa hapo kama saa nzima, magoti yamelowa. Kisha yule chura akajikunja, akatoka mtoto. Chura kamili, mdogo kama punje ya mchele, miguu yote minne. Akatoka wa pili. Wa tatu akapanda juu ya jani kavu na kutulia hapo, kama mtu aliyefika kwake.

Mwili ulinisisimka, wakuu. Hata kitabu nilikisahau kwenye begi.

Hebu fikirieni. Mteremko ule maji yanapita tu, hayatuami. Kwa hiyo mama amelibeba dimbwi tumboni. Hatua zote ninazochora ubaoni zimepita mle ndani, jua likiwaka, baridi ikishuka, na yeye anahama jani hadi jani asikauke. Homeostasis, yaani mwili kutunza hali yake ya ndani hata nje kukibadilika, naifundisha kila mwaka, lakini siku ile ndiyo niliiogopa.

"Umeona, mwalimu?" mama akauliza.

"Nimeona, mama."

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa lile lile. Nikasoma tena jibu la Hadija, nikasema aliyekosa ni mimi, nikamwomba msamaha kwa jina lake. Hakuna aliyecheka.

Hadija akanyoosha mkono. "Mwalimu, sasa wakiwa mle tumboni wanakula nini?"

Nikasema sijui. Miaka sita ya kufundisha, sikuwahi kulitamka neno hilo darasani.

 Hadija akaja mezani, akaomba fomu yake na kalamu, akafuta arts.

Nilichojifunza: mtoto akiandika kitu usichokijua, muulize kwanza amekiona wapi, ndipo ushike kalamu nyekundu.

Walimu wenzangu, mmewahi kumkosesha aliyepata? Semeni bila aibu, mimi nimeshaanza. Na mwenye kujua wale watoto wanakula nini mle ndani, tafadhali aandike hapa. Binti ananiuliza kila wiki.